Kutangulia Si Kufika



Wale mnaopita barabara ya Bagamoyo mapema siku za Jumapili, bila shaka mmekwisha kuwaona. Ni vijana na watu wazima, wake kwa waume, kumi au ishirini hivi, wamevaa kofia ngumu na fulana za kubana, wameinama juu ya baiskeli zao, wamesogeleana kama siafu. Wameipita Tegeta kabla jua halijachomoza, wameiacha Bunju, sasa wanaitafuta Mapinga. Kutoka katikati ya Dar es Salaam kwenda Bagamoyo na kurudi ni yapata kilomita 140. Kwao hayo ni mazoezi tu. Mashindano yana siku yake.

Wapo madereva wanaouliza kwa hasira: kwa nini watu hawa wasitawanyike, kila mmoja akaenda kivyake? Leo napenda kulijibu swali hilo, maana jibu lake lina funzo hata kwa asiyewahi kukanyaga pedali.

Jibu ni upepo. Mpanda baiskeli akifika mwendo wa kilomita 30 kwa saa mahali tambarare, sehemu kubwa ya nguvu zake huishia katika kupasua hewa. Na hewa ni mdai mkali: ukitaka kuupasua upepo kwa mwendo mara mbili, utatoa nguvu mara nane. Lakini anayefuata nyuma ya mwenzake, gurudumu karibu na gurudumu, hukingwa, na huweza kuokoa kati ya robo na theluthi ya nguvu zake. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa habari za upepo. Wakati wa kusi, unakusukuma mgongoni asubuhi unapokwenda Bagamoyo, nawe unajiona una mapafu ya simba. Ukigeuza kurudi ndipo unapoujua ulikuwa wa nani.

Basi kundi hugawana mzigo huo kwa zamu. Wa mbele hupasua upepo kwa dakika chache, kisha hujitoa pembeni, huwaacha wenzake wapite, naye hushika mkia apumzike. Aliyekuwa wa pili anakuwa wa kwanza. Hata mabingwa wakubwa wanaishi kwa utaratibu huo. Mwaka 2024, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za mashindano ya Tour de France, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo, na akatwaa fulana ya kijani. Mstari aliukata yeye, lakini kabla ya hapo wenzake wa timu walikuwa wamekula upepo kwa niaba yake.

Watu wawili huharibu utaratibu huu. Wa kwanza ni kupe, anayejificha nyuma safari nzima na zamu yake haionekani. Huyu tunamfahamu, tumemsema miaka mingi. Wa pili tunamshangilia kwa makosa. Ni yule mwenye nguvu ambaye, zamu yake ya kutangulia ikifika, anaongeza mwendo ili aonekane. Nyuma yake kamba inakatika: wanyonge wanaachwa mmoja mmoja, na kila aliyeachwa sasa anapambana na upepo peke yake. Shujaa wetu akigeuka, hana kundi. Kesho kutwa, miguu yake ikigoma pale Kerege, atamtafuta wa kumkinga asimwone. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Sheria ya wapanda baiskeli ni hiyo hiyo: ukikamata mbele, shika mwendo ulioukuta. Kuongoza ni kuwakinga wengine upepo.

Tena anayetangulia ndiye macho ya wote. Wa nyuma haoni barabara, anaona mgongo wa mwenzake. Kwa hiyo wa mbele hunyosha kidole kuonyesha shimo, hupaza sauti akiona mchanga au mbuzi, na hafungi breki ghafla. Naye wa mwisho hupiga kelele kuwa gari linakuja. Magurudumu yakigusana, aghalabu anayeanguka ni yule wa nyuma, ambaye hakuwa na kosa ila kuamini.

Mwenye njaa naye hasubiriwi mpaka aanguke. Akiba ya sukari iliyomo mwilini haitoshi mazoezi makali ya zaidi ya saa mbili hivi. Ndiyo maana makundi yenye busara hula ndizi njiani kabla ya njaa, hunywa maji kabla ya kiu, na humuuliza aliyenyamaza kama yu mzima. Pancha ya mmoja huwasimamisha wote.

Sasa niwageukie madereva. Katika nchi kama Hispania, na Ufaransa nje ya miji, sheria inamtaka anayempita mwenye baiskeli aache nafasi ya angalau mita moja na nusu. Kipimo hicho kina sababu. Lori likipita karibu kwa kasi, hewa yake humyumbisha mtu, na katika kundi akiyumba mmoja huanguka watano. Kungoja mpaka barabara iwe wazi mbele hugharimu nusu dakika. Pia kundi lililobanana ni fupi kulipita kuliko watu ishirini waliotawanyika mstari mrefu.

Nanyi ndugu zangu wa fulana za kubana, barabara hiyo hiyo ina mpanda baiskeli mwingine. Ni muuza madafu. Baiskeli yake haina gia, mzigo wake unamzidi yeye mwenyewe, na hakuna anayemkinga upepo wala anayempigia kelele kwamba gari linakuja. Mkimpita, mpungieni mkono na mwacheni nafasi. Na siku mtakapodai njia ya baiskeli na heshima ya madereva, msijidaie ninyi peke yenu. Yeye ndiye wa mwisho katika kundi letu sote, na kundi huhesabiwa limefika pale wa mwisho wake anapofika.