Miaka 22 Milangoni mwa Madaktari
Maneno kwa vijana wa ukoo wanaoifikiria kazi ya uwakilishi wa dawa



Kamati imenitaka niseme juu ya kazi niliyoifanya hapa Uingereza tangu mwaka 1994 hadi nilipostaafu mwaka 2016, kwa kuwa wawili kati ya watoto wetu wanaifikiria. Katika ukoo huu nimeitwa "daktari" kwa muda mrefu, nami sikufanya bidii ya kuwasahihisha. Leo nasahihisha. Nilikuwa mwakilishi wa kampuni ya dawa, yaani mtu anayelipwa aende kwa daktari amshawishi aandike dawa ya kampuni yake, asiandike ya kampuni nyingine.

Kazi yenyewe ni ya gari na subira. Nikiondoka asubuhi na mkoba wangu, nikizunguka zahanati hii na hii, nikikaa na wagonjwa kungoja zamu. Mwenye mlango si daktari, ni bibi wa mapokezi. Asiyejua kumwamkia atarudi na mkoba wake, na hapo malezi ya bibi zetu yalinifaa kuliko shahada. Ukiingia unapewa dakika tatu, pengine ukiwa umesimama. Mshahara ulikuwa mzuri, gari la kampuni, na kila baada ya miezi mitatu bonasi kwa aliyefikia lengo la mauzo. Bonasi hiyo ndiyo inayompima mtu.

Msidhani yatosha kuwa na ulimi mtamu. Hapa Uingereza mwakilishi hana budi kufaulu mtihani ndani ya miaka 2 ya mwanzo, juu ya mwili, juu ya dawa, na juu ya kanuni ambazo makampuni yenyewe yalijiwekea tangu mwaka 1958. Zamani tuligawa kalamu na vikombe vyenye majina ya dawa. Tangu mwaka 2011 hata hivyo vimekatazwa. Ukali huo una sababu. Huko Marekani, mwaka 2007, kampuni iliyouza OxyContin ilikiri mahakamani kwamba dawa hiyo ilinadiwa kwa udanganyifu, madaktari wakiambiwa kuwa haileti uraibu kama dawa nyingine za aina yake. Maneno hayo yalifikishwa milangoni na watu wa mkoba, kama mimi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo baadhi yenu mnalijua nusu.

Mwaka 1998 ami yetu alikuja kutoka Unguja kututembelea. Alikuwa na shinikizo la damu, na ndani ya buti ya gari langu mlikuwa na dawa za sampuli za maradhi hayo hayo. Akaniomba za kuchukua nyumbani. Nikamwambia haiwezekani: sampuli hutolewa kwa daktari tu, tena aliyeomba kwa maandishi na kutia saini. Akanijibu, "Wageni unawapelekea mpaka mlangoni, damu yako unainyima." Hakunisemesha tena kwa miaka miwili.

Kukataa sikujutii. Dawa ile ilitaka mtu apimwe figo na chumvi za damu kabla ya kuianza na baada ya kuianza, na ami hakuwa amepimwa lolote. Ninachojutia ni kwamba sikumwambia hayo. Watu nisiowajua niliwaeleza habari za figo kila siku kwa dakika tatu, tena kwa heshima. Baba yangu mdogo nikamsomea kanuni ya kampuni, nikafunga buti. Wala sikufikiri kumpeleka kwa daktari akapimwe, nami madaktari nikiwajua kwa majina.

Ami yupo hapa mbele, na ameniruhusu niyaseme. Alinisamehe mwaka 2000, harusini kwa bintiye, kabla sijamwomba.

Kazi hii siku hizi imepungua milangoni. Mikutano mingi na madaktari hufanyika kwa kompyuta. Lakini bado ipo, na inalipa. Wenye nia watanikuta kwenye meza ya chai baada ya chakula cha mchana. Waje na leseni ya udereva. Asiye nayo aanzie huko kwanza, kisha tutazungumza.