Kijiti cha Kushindilia Pupu: Tusikate Tu Mti Wowote

Maneno ya wazee wa uwindaji mbele ya wanamemba, mkutano wa mwezi

Kamati imetuomba sisi wazee tuseme juu ya kitu kidogo: kile kijiti cha kushindilia bunduki ya pupu, ile Watanzania wanaita gobore. Wengine wanakiita mdeki.

Kwa nini tukisemee? Tangu 2005, meli zilipoanza kuturudisha kutoka Kigoma mpaka Baraka, wengi wetu tulikuta nyani na nguruwe wa pori ndio wenye shamba. Jamaa zingine ziko na pupu ya babu, na karatasi yake ya serikali. Lakini vijana wetu walikomalia kambini, na kambini hakuna bunduki. Wanakuta kijiti kimeliwa na wadudu, wanakata fimbo yoyote. Hapo ndipo mkono unatobolewa.

Neno la kwanza, mbele ya mti wowote. Pupu iliyokaa miaka darini inaweza kuwa ingali na baruti na risasi ndani. Elekeza mdomo wake pahali pasipo mtu, usichungulie. Ingiza fimbo nyembamba ya mti polepole mpaka isimame, tia alama na kidole. Kiisha ilaze fimbo nje ya mtutu, alama sawa na mdomo. Kama ncha haifiki karibu na mahali moto unapoingilia, kuna kitu ndani. Usifyatue, usichokoe. Ipeleke kwa fundi anayejua.

Sasa mti. Tundu la pupu ndogo ni jembamba. Kama ni milimita 9, kijiti kitakuwa na milimita 8 tu, juu ya kuachia kitambaa nafasi ya kupita. Kijiti chembamba hivyo hakisamehe kosa. Mti wenye nyuzi za kukata upande unavunjika kama mkuki: ncha kali inabaki mkononi mwako, nawe ungali unasukuma.

Kwa hiyo tunasema: pasua, usikate na msumeno. Msumeno unapita katikati ya nyuzi bila kuzifuata. Shoka na kabari vinafuata nyuzi, na ule uzi unaoanza juu unafika mpaka chini. Wamarekani, kwa bunduki zao za zamani za namna hii, wanatumia mti unaoitwa hickory, na wao pia wanautaka uliopasuliwa. Huku kwetu, mkole ni mzuri, ule wazee walitumia kwa upinde. Mwanzi hapana: uko wazi ndani, ukivunjika ni visu. Chuma cha kujengea hapana pia: kinakwaruza ndani ya mtutu.

Chagua gogo lililonyooka, bila fundo. Pasua vipande vinene kama kidole gumba, vifunge pamoja vikiwa vimenyooka, viweke kivulini mpaka vikauke kabisa. Ukichonga mti mbichi, utapinda. Kiisha fanya pande nne, halafu nane, halafu zungusha kwa kipande cha chupa na msasa. Kama una mashaka na nyuzi, dondosha wino juu ya mti mkavu: wino unakimbia kufuata nyuzi. Ukitokea pembeni, kipande hicho ni cha jikoni.

Mwisho, pinda kijiti kidogo kwa mikono miwili, pande zote. Kikilia, tupa. Afadhali kivunjike nyumbani, wakati hakuna baruti.

Urefu nao ni jambo kubwa. Kijiti kifike chini kabisa, na juu ya mdomo kibaki kama sentimita 10 za kushika. Kikiwa kifupi, risasi inasimama katikati, inaacha nafasi kati yake na baruti, na mtutu unaweza kupasuka usoni pa mwenye kuupiga. Tia alama mbili kwa kisu: moja pupu ikiwa tupu, nyingine ikiwa imeshindiliwa kwa kipimo chako. Alama hizo ndizo zitakuambia ukweli kila siku, hata kama mtoto amegusa bunduki ukiwa hauko.

Ukitumia, shika karibu na mdomo, upana wa kiganja tu, usukume kidogo kidogo. Usishike juu kabisa na kuegemeza mwili, usipige kama mwiko wa bugali. Uso na kifua viwe pembeni. Na kijiti kitoke kabla ya kuweka fataki. Kikisahauliwa ndani kinaruka kama mshale.

Wandugu, hatusemi kila nyumba itafute pupu. Asiye na karatasi aende kwa wakubwa wa serikali, asiifiche. Lakini mwenye nayo kwa haki asiumie kwa sababu ya fimbo. Gogo moja zuri linatoa vijiti vingi. Tunaomba wenye pupu waungane, wapasue pamoja, wakaushe pamoja, na kijana mmoja kwa kila jamaa akae karibu na mzee aone mikono inavyofanya. Shamba tulishalipata tena. Vidole vya kulilima tusivipoteze.