Kikumbusho Kikae Mahali pa Tendo: Vikumbusho vya Macho katika Maisha ya Mtu Mwenye ADHD



Nimeombwa kuzungumzia vikumbusho vinavyoonekana kwa macho: karatasi ukutani, ubao, rangi, kitu kilichowekwa njiani kwa makusudi. Mbele ya mada za utambuzi na tiba, hii inaweza kuonekana ndogo. Kwangu haina udogo wowote. Katika kazi ya ushauri shuleni nimeona nyumba zikipata utulivu kwa sababu ya msumari mmoja na begi lililotundikwa hapo, na nimeona nyingine zikigombana kila asubuhi kwa kuwa kikumbusho pekee kilichomo ndani ni sauti ya mama.

Tuelewane kwanza kuhusu hali yenyewe. ADHD inahusu ukuaji wa ubongo. Humpa mtu shida ya kuelekeza umakini anakotaka na kuushikilia hapo, kutulia, na kujizuia kabla ya kutenda. Huanza utotoni: mwongozo wa utambuzi wa chama cha madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, unataka dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12. Kwa kiasi kikubwa hurithiwa, kwa hiyo mzazi anayemsikiliza mtaalamu akieleza habari za mwanawe huenda akajisikia yeye ndiye anayeelezwa. Tafiti zilizojumlishwa kutoka nchi nyingi zinakadiria kwamba takriban asilimia 5 ya watoto wanayo. Katika darasa la wanafunzi 60 tutarajie watatu hivi, na mmoja wao anaweza kuwa msichana mkimya anayetazama dirishani, ambaye hakuna mwalimu aliyewahi kumlalamikia.

Mwanasaikolojia wa Marekani Russell Barkley amesisitiza kwa miaka mingi kwamba mtu mwenye ADHD kwa kawaida anajua la kufanya. Kinachomponyoka ni kulifanya analolijua, kwa wakati wake. Ushauri wake unatokana na hapo: yale ambayo wengine huyabeba kichwani yatolewe nje, yawekwe mahali penyewe na wakati wenyewe wa tendo. Kwa mujibu wa maelezo haya, hotuba ya jana usiku kuhusu umuhimu wa kuwahi shule haimsaidii mtoto leo saa 12 na nusu asubuhi, akiwa amekaa kitandani na soksi moja mguuni. Alikubaliana nayo jana. Hata sasa anakubaliana nayo.

Kuna utafiti mwingine unaotusaidia hapa. Mwaka 1990 Gilles Einstein na Mark McDaniel walitofautisha njia mbili za kukumbuka jambo lililo mbele yetu: ya tukio, kwa mfano kumpa fulani ujumbe nikikutana naye, na ya saa, kwa mfano kupiga simu saa 9 alasiri. Ile ya saa ni ngumu zaidi, maana hakuna kitu kinachokugusa bega. Ni lazima wewe mwenyewe ukumbuke kuangalia. Watu wengi wenye ADHD huteseka hapo, kwa kuwa hawahisi muda unavyopita. Kwa hiyo saa igeuzwe kuwa tukio. Badala ya kusema dawa ya usiku ni saa 2, sema taarifa ya habari ikianza namimina maji kwenye kikombe. Waislamu tayari wana msaada ambao wengine inabidi wautengeneze: adhana huigawa siku kwa sauti inayosikika mtaa mzima, na mtu akiunganisha kumwagilia bustani na kutoka swala ya alasiri, tendo linapata pa kushikilia. Peter Gollwitzer, aliyeandika sana kuhusu mipango ya aina hii, kwamba likitokea hili nitafanya lile, alishirikiana na Caterina Gawrilow kuwapima watoto wenye ADHD, na waliopewa mpango wa namna hiyo walijizuia vizuri zaidi katika jaribio.

Sasa nieleze kwa kirefu kisa kimoja, maana kimenifundisha mengi. Ni cha fundi cherehani, aliyetambuliwa kuwa na ADHD akiwa mtu mzima. Mkono wake ni mzuri sana. Wateja waliipenda kazi yake na kuzichukia ahadi zake. Vitambaa vilikaa kwenye mifuko chini ya meza, vipimo kwenye daftari, na siku ya kuchukua nguo kichwani mwake. Kitambaa kikishaingia chini ya meza, kwake ni kama kimetoka duniani. Mwenye nguo akisimama mlangoni kulitaka gauni la kuvaa kwenye sendoff ya mdogo wake kesho, ndipo fundi anakumbuka kwamba halijakatwa.

Tulifunga kamba ukutani, mbele ya macho yake akiwa ameketi kwenye cherehani. Kamba ikagawanywa kwa siku za juma. Kila kitambaa kinachoingia kinaning'inizwa chini ya siku yake kabla mwenyewe hajaondoka dukani, kikiwa kimebanwa kwa pini kikaratasi chenye jina, vipimo na salio la malipo. Hayo maneno, kabla mwenyewe hajaondoka, ndiyo roho ya mpango mzima. Mwanzoni fundi alitaka kuvipanga vitambaa jioni, akishatulia. Jioni hiyo haifiki. Mteja akiwa bado amesimama, tukio bado liko hai, na hata yeye hungoja aone kitambaa chake kimetundikwa. Siku nazo tulizirudisha nyuma kwa moja: nguo ya Ijumaa inaning'inia Alhamisi.

Kilichonishangaza kilikuja baadaye. Chini ya kila siku palitosha vitambaa vinne tu. Siku ikijaa, imejaa; fundi anaiona, mteja anaiona. Daftari halikuwahi kumwonyesha jambo hilo, kwani daima mstari mwingine hupatikana. Mfungo ulipofika kumi la mwisho na kila mtu akitaka nguo ya Idi, aliweza kunyoosha kidole ukutani na kusema hapana. Mtu huyu alikuwa amepokea oda zote maisha yake yote, si kwa tamaa, bali kwa sababu hakuwa na njia ya kuuona wingi wa kazi aliyokwisha kuahidi.

Tuje kwa mwanafunzi. Walimu mnamfahamu yule aliyefanya hesabu zote usiku, mama akashuhudia, na asubuhi akahesabiwa kuwa hakufanya. Hadanganyi. Kati ya hesabu na meza ya mwalimu kuna mianya miwili: daftari kuingia kwenye begi, na daftari kutoka kwenye begi. Mwanya wa kwanza uko nyumbani. Begi likae wazi juu ya meza ileile anayoandikia, na kazi isihesabiwe kuwa imekwisha mpaka daftari liwe ndani. Likishafungwa, begi litundikwe kwenye kitasa cha mlango wa kutokea, ili asiweze kufungua mlango bila kuligusa. Mwanya wa pili uko shuleni, na karatasi iliyobandikwa jikoni kwa mama haiwezi kuufikia. Hapo kinasaidia kipande cha kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye zipu ya mfuko wa kalamu, kwa kuwa kalamu lazima aitoe. Kinasaidia zaidi mwalimu anapomtuma monita apite dawati kwa dawati kukusanya, badala ya kutangaza tu kwamba madaftari yaletwe mbele.

Jikoni, anayesahau chungu motoni aondoke na mwiko mkononi. Ni mbinu rahisi kuliko zote ninazozijua. Unaitwa nje, jirani anakusalimia, mazungumzo yananoga, lakini huwezi kukaa muda mrefu na mwiko wenye mchuzi wa maharage bila kujiuliza unafanya nini nao. Kwa muda wa kusoma au kujiandaa, saa ya mishale ukutani hufaa kuliko ya tarakimu, kwani nafasi iliyobaki kati ya mshale na namba inaonekana kwa jicho.

Simu nitaipitia upesi. Kengele yake huita popote ulipo, na mara nyingi hapo ulipo sipo pa kutendea. Unaizima ukijiambia nakuja. Atakayeitumia aiandikie jina la tendo, aiweke mahali pa tendo, na ajue kwamba kifaa hichohicho ndicho kinachomeza umakini. Steven Safren na wenzake, waliobuni huko Boston tiba ya kisaikolojia kwa watu wazima wenye ADHD, hushauri kubandika kidoti cha rangi kwenye vitu vinavyokuvuta, simu ikiwemo, ili jicho likigusa rangi ujiulize kama unafanya ulichokusudia.

Lakini jicho huzoea. Karatasi iliyokaa ukutani mwezi mzima hugeuka kuwa ukuta. Mzazi husema tulijaribu ikashindikana, ilhali ilifanya kazi vizuri kwa wiki tatu na sasa inataka kubadilishwa mahali, rangi au umbo. Todd Rogers na Katherine Milkman walionyesha mwaka 2016 nguvu ya kitu kisicho cha kawaida: wateja wa mkahawa walipewa kuponi ya kutumia siku nyingine, na baadhi yao wakaambiwa kwamba mwanasesere wa kiumbe wa anga za mbali atakuwa karibu na mashine ya malipo kuwakumbusha. Walioambiwa hivyo, asilimia 24 waliitumia kuponi. Wengine, asilimia 17. Kwa hiyo weka kitu kisipotarajiwa. Funguo za nyumba zikilala ndani ya jokofu juu ya bakuli la chakula cha mchana, chakula hakiwezi kubaki. Na karatasi ziwe chache. Zikijaa ukuta mzima hakuna inayosomwa.

Kuna uzito mwingine wa vikumbusho vya macho: wageni nao huviona. Msichana wa kidato cha pili hapendi rafiki zake wasome sebuleni karatasi ya mama inayosema USISAHAU TENA. Neno hilo "tena" ni lawama, na lawama humfanya mtu akwepe kuangalia. Kikumbusho kitaje tendo tu, kwa mwandiko wa mwenyewe, au kitumie alama anayoielewa yeye. Dawa zinahitaji uangalifu zaidi. Haziachwi mezani ili zionekane, maana wadogo nao wanaona. Zifungiwe kabatini, na kinachobaki machoni kiwe kikombe kitupu kilichopinduliwa kando ya mswaki.

Simaanishi kwamba kamba na vidoti vinachukua nafasi ya tiba. Dawa ya methilifenidati huwasaidia wengi, na inaniuma kwamba mwaka 2019, kisha 2021, Shirika la Afya Duniani lilikataa ombi la kuiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu, jambo lililozipa nchi zenye bajeti ndogo sababu moja pungufu ya kuiagiza. Mzazi anayepata daktari na dawa azitumie kwa maelekezo. Asiyepata asiambiwe asubiri mikono mitupu.

Baada ya chai tutaingia kwenye vikundi. Kila kikundi kichague tendo moja tu linaloshindikana nyumbani au darasani, kisha kitaje ni mahali gani hasa linakatikia: mlangoni, kwenye begi, mezani kwa mwalimu. Naomba msiandike kikumbusho chochote kabla ya kupataja mahali hapo. Waliokuja na vijana wao, kijana ndiye atakayeshika kalamu.