KINU CHA NYUKLIA NA MAJI YA ZIWA LETU



Leo tutazungumza juu ya umeme wa nyuklia. Msiseme, "Hayo ni mambo ya Wachina, sisi wa Bariadi yanatuhusu nini?" Tusikilizane kwanza.

Kinu cha nyuklia hakichomi kuni wala mafuta. Kinatumia madini ya urani. Chembe za madini hayo zikipasuliwa hutoa joto kali sana. Joto huchemsha maji, mvuke huzungusha mitambo, na mitambo hutoa umeme. Kisha mvuke ule lazima upozwe. Kazi hiyo inataka maji mengi, usiku na mchana. Ndiyo maana China imejenga vinu vyake pwani. Kile cha Qinshan kilianza kutoa umeme mwaka 1991. Afrika Kusini nao wanacho cha Koeberg, karibu na Cape Town, tangu mwaka 1984.

Jirani zetu wa Kenya walitaka kujenga chao Uyombo, pwani ya Kilifi. Wavuvi wa huko wakauliza: samaki wetu je? Mikoko yetu je? Mwezi Mei 2024 watu waliandamana kupinga. Mwaka 2025 viongozi wa Kenya wakataja mahali pengine, Siaya. Na Siaya iko wapi? Iko kando ya Ziwa Victoria!

Basi jambo limefika mlangoni. Wilaya ya Busega, humu humu mkoani Simiyu, inapakana na ziwa hilo. Dagaa na sangara wa sokoni kwetu wanatoka humo. Mradi mkubwa wa maji wa mkoa wetu nao unategemea ziwa hilo hilo. Nchi zina mipaka, maji hayana.

Hatusemi kwamba kinu ni kibaya. Hakitoi moshi, na umeme wake haungoji mvua kama ule wa mabwawa. Viwanda vyetu vya kuchambua pamba vinajua hasara ya umeme kukatika. Lakini ajali zimewahi kutokea: Chernobyl mwaka 1986, na Fukushima, Japani, mwaka 2011. Watu wengi walihamishwa makwao. Tena taka za kinu hubaki na hatari kwa maelfu ya miaka.

Tufanye nini basi? Kuuliza si ujinga. Nchi zetu zina Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Kisumu. Diwani na mbunge wetu wanaweza kufikisha maswali yetu serikalini, na serikali ikayapeleka huko. Wavuvi wa Uyombo waliuliza kabla jiwe la msingi halijawekwa. Kuuliza baadaye ni kuchelewa.

Jadilianeni katika vikundi vyenu:

1. Kwa nini kinu cha nyuklia hujengwa penye maji mengi?

2. Maji ya moto yakirudishwa ziwani, samaki watakuwaje?

3. Taka zake zitawekwa wapi, na nani atazilinda?

Andikeni majibu yenu, myasome mbele ya wenzenu.