Risiti za Mama
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nilipoombwa niseme machache juu ya kodi ya majengo nilikubali upesi, maana mimi ni mtumishi wa serikali na nilidhani naijua. Aliyenifundisha ni mama yangu, mjane wa miaka 71, anayeishi Mbulu mjini.

Wengi wetu tunajua habari za zamani. Kwa sheria ya mwaka 1983, mthamini alikadiria thamani ya jengo, likaandikwa katika daftari la uthamini, na mwenye nyumba asiyeridhika aliweza kupinga makadirio hayo. Baadaye nyumba nyingi ziliwekewa kiwango kimoja, na tangu Agosti 2021 kodi hukatwa kwa LUKU, mtu anaponunua umeme. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Mwaka 2023 zikawa 1,500. Hapa thamani haibishaniwi tena. Basi wengi tukadhani hakuna tena la kupinga.

Siku moja mama alinipigia simu. "Mwanangu, nimenunua umeme wa elfu mbili, nimepata wa mia tano. Na ile mita ya uani nayo imekatwa vivyo hivyo."

Nikamjibu kama wakubwa tunavyojibu: "Mama, ni fedha kidogo. Nitakutumia."

Akasema, "Sikuomba fedha. Nimeuliza kama ni haki."

Ndugu zangu, niliona haya. Mita ya uani niliiweka mimi mwenyewe, kwa chumba nilichojijengea cha kulala nijapo likizo. Nyumba ni moja, lakini kwa mita mbili ilikuwa ikilipa 36,000 kwa mwaka badala ya 18,000. Tena sheria inamsamehe mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na kipato, kwa nyumba yake moja anayoishi. Mama hakustahili kulipa hata senti. Lakini mashine inaijua namba ya mita tu. Haiujui umri wa mwenye nyumba. Msamaha huombwa, na mimi sikuwa nimeuomba.

Nikaenda Mbulu. Mama akatoa kopo la majani ya chai, ndani yake karatasi alimoandika kila namba ya umeme na kiasi kilichokatwa, mwezi kwa mwezi. Tukaandika barua: jina, namba za mita zote mbili, mahali nyumba ilipo. Tukaambatanisha kitambulisho cha taifa na barua ya mtendaji wa mtaa. Tulikwenda mara mbili, kwani mara ya kwanza nilisahau namba ya mita moja. Makato yakakoma. Yaliyokwisha kukatwa hayakurudi, na mama alisema alilotaka amelipata.

Na kama ombi lingekataliwa? Njia ipo. Asiyeridhika na uamuzi wa kodi huweza kuandika pingamizi. Akishindwa hapo, iko njia ya rufani. Kwa shilingi 1,500 hakuna atakayefika huko; ndiyo maana barua ile ya kwanza iandikwe vizuri.

Ndugu zangu, kodi ni wajibu, nami siji kuwafundisha kuikwepa. Lakini shule hii ilitufundisha kusoma na kuandika kwa jasho la wazee walioko Mbulu, Dongobesh, Haydom, Katesh na Bassotu. Wengi wao wanakatwa wasichodaiwa, na watoto wao wasomi tunawaambia ni fedha kidogo.

Ombi langu ni moja. Mtakaporudi nyumbani, kabla ya kuuliza habari za mahindi na ng'ombe, ulizeni: nyumba hii ina mita ngapi, na mwenye nyumba ana umri gani? Kisha chukueni kalamu.