Homa Inayoondoka na Kurudi

Ndugu zetu wa Nchelenge, Kashikishi na Mantapala,

Sisi askari si matabibu, lakini papasi hatofautishi askari na raia. Hutoka usiku katika nyufa za ukuta wa udongo, hunyonya damu bila maumivu, akajificha tena kabla ya mapambazuko. Ndiyo maana wengi walioumwa hawakuona kupe yeyote.

Yapata juma moja baadaye huja homa kali na maumivu ya kichwa. Kisha hupoa, mvuvi hurudi ziwani akidhani malaria imekwisha, nayo humrudia. Daktari Joseph Dutton, aliyeichunguza homa hii nchini Kongo, ilimuua huko Kasongo mwaka 1905. Siku hizi hutibika kwa antibiotiki.

Basi homa ikirudi, nendeni zahanati au hospitali, mseme wazi kwamba imerudi, mwombe damu itazamwe kwa hadubini, kwa kuwa kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi vijidudu hivi. Mjamzito asingoje irudi. Homa hii huharibu mimba.

Kupe wa mifugo aliyeng'ang'ania mwilini avutwe taratibu kwa kibanio, karibu kabisa na ngozi. Msimchome moto wala kummwagia mafuta ya taa. Pakibaki kidonda cheusi na homa ikafuata, mwonyesheni tabibu siku hiyo hiyo.