Katiba Haihesabu Waumini



Mwezi Desemba 1992 Serikali ya Mapinduzi, chini ya Rais Salmin Amour, iliiingiza Zanzibar katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC. Zaidi ya asilimia 95 ya Wazanzibari ni Waislamu, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya uchumi: mikopo na misaada. Jambo hilo liliwahusu nini watu wa Rulenge na Nyakahura?

Liliwahusu kwa kuwa mambo ya nchi za nje ni mambo ya Muungano. Yameandikwa hivyo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Ndugu Philip Marmo ilichunguza, ikaona Katiba ya Muungano imevunjwa, na Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa. Hoja yenye nguvu ilikuwa ya mamlaka ya kutia saini, wala si ya Msahafu. Uganda, yenye Wakristo wengi, ni mwanachama tangu 1974, na Katiba yake ya 1995 inakataza dini ya dola. Hata hivyo huku Bara walikuwapo walioigeuza hoja hiyo kuwa ugomvi wa Msalaba na Mwezi. Huo ulikuwa upotoshaji, na hurudiwa kila inapotajwa Mahakama ya Kadhi.

Ibara ya 19 inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo inalinda uhuru wa kuabudu. Mkristo wa Mkunazini, aliyezungukwa na misikiti, na Mwislamu wa Ngara, aliyezungukwa na parokia za Kikatoliki na makanisa ya Kianglikana, wote ni wachache mahali walipo. Haki yao haipimwi kwa wingi wa majirani.

Tuseme, mathalani, mwenyekiti wa kijiji anakusanya mchango wa ujenzi wa kanisa kwa kutumia daftari la kijiji. Mwislamu anayekataa kuchanga si mkorofi. Anadai kile anachokidai Mkristo wa Pemba. Ibara ya 30 inamfungulia mlango wa Mahakama Kuu. Lakini Mahakama Kuu iko Bukoba, na nauli ya kutoka Ngara si ndogo. Afadhali mkutano wa kijiji ulifunge daftari hilo mapema.